Ubao wa Matundu Kumi

Kolwezi, tarehe 14 Februari 1988

Mwipwa wangu Mado,

Kuna jambo nimekuficha tangu mwaka 1964, nalo linahusu ule ubao wa matundu kumi. Nimeanza nalo ili usije ukasema kwamba mjomba wako alikufa bila hata kukudokeza. Kulitaja lenyewe ni kazi nyingine. Mtu aliyekaa kwa mapadri miaka kumi na mmoja hawezi kuingia katika habari kabla ya salamu. Tulifundishwa hivyo, na fimbo ilikuwepo.

Basi, salamu. Hujambo, mama? Hajambo mumeo Alfani, na lori lake? Bado wote wawili wanawaka asubuhi bila kusukumwa? Na mjukuu wangu Shida, ambaye mlimpa jina hilo kisha mkashangaa kwamba anawasumbua?

Mimi upande wangu wa kuume ulilala mwezi wa Novemba na haujaamka vizuri. Mdomo ulibaki mzima, kwa hiyo majirani hawakupata nafuu yoyote. Ninakuandikia kwa mkono wa kushoto, ule ambao kwa miaka thelathini niliwapiga watoto wasiutumie. Usicheke. Cheka kidogo tu.

Kila Jumanne huja muuguzi mmoja anaitwa Mama Ntumba, mwanamke mnene asiye na huruma. Hunikalisha kwenye kiti, huniwekea bakuli la punje za mahindi na chupa tupu.

"Tata, kamata punje moja moja, kwa vidole bibili, tia ndani."

"Nani amekufundisha mambo haya?"

"Iko mu kitabu. Kitabu ya batoto. Ule mwenye kukiandika alikuwa muzee moja wa hapahapa Kolwezi, alishakufa zamani."

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Banasema majivuno."

Sijui kama ananijua au hanijui. Kitabu hicho, mama, ni kile kijitabu changu cha mwaka 1973, *Kazi za Mikono Midogo*, ambacho ukurasa wake wa kwanza unasifu Chama na ukurasa wa pili unamfundisha mtoto wa miaka mitatu kumenya karanga. Ukurasa wa pili ndio uliodumu. Nilitia punje nne siku ile. Mtoto wa miaka mitatu hutia ishirini.

Sasa neno lenyewe. Kasimu dereva wenu ameniambia kwamba Septemba Shida haendi shule. Anapelekwa Kisenge kwa shangazi yake Hawa, akambebe mtoto mchanga. Nimemuuliza sababu, akasema, "Mama Mado anasema mutoto hana kichwa." Nilidhani sikusikia vizuri, maana upande ule nao umelala.

Kabla hujampakia kwenye lori kama gunia la muhogo, nifanyie jambo moja. Changanya maharage meupe, mekundu na njugu katika ungo mmoja. Mwambie atenge. Usimsaidie, usimwambie "vizuri", usimwambie kitu. Kaa kimya, ingawa najua ninakuomba jambo gumu. Kisha uniandikie ulichoona.

Mjomba wako,
Stanislas Kisimba
(Serikali iliniondolea Stanislas mwaka 1972, ilipopiga marufuku majina ya Kizungu. Nilikuwa nimelificha chini ya godoro.)


Lubudi, 20 mwezi wa tatu 1988

Tata Mjomba,

Jambo yako, na pole ya ugonjwa. Barua ilifika na Kasimu, ilikuwa na mafuta ya gari pembeni, lakini inasomeka. Sisi tuko muzuri. Alfani eko, lori nayo iko, ila moja kati yao anakohoa na sitakuambia nani. Mi niko palepale ku gare ya treni, masufuria kumi na ine, napika bukari ya unga na samaki kwa wasafiri. Treni ikichelewa, watu wanakula. Kwa hiyo tunakula kila siku.

Tata, juu ya nini unafufua ule ubao? Nilikuwa na miaka sita. Mutoto wako Polycarpe alipita ule mtihani, mi nilianguka. Karatasi niko nayo mpaka leo ndani ya kisanduku, pamoja na cheti ya ndoa. "Mikono mizito, akili inachelewa. Afundishwe kazi za jikoni." Ulitusomea wewe mwenyewe, ukageuza Kifaransa chote mu Kiswahili. Basi angalia mi niko wapi leo: jikoni. Karatasi haikusema uongo. Mwenye kuiandika alikuwa nabii.

Njo maana sitaki Shida apite mu ile haya. Mutoto wa jiwe ni jiwe. Anaenda Kisenge, atajifunza kulea, ataolewa. Hakuna mutu atamupatia karatasi.

Maharage yako nilifanya, juu ya heshima. Alitenga mafungu tatu. Kisha akakaa, akaangalia, akaanza kutenga tena. Akatoa zile zenye kutobolewa na wadudu, kila rangi, akaweka fungu la ine. Nilimuambia, "Shida, nilisema tatu." Akanijibu, "Mama, hii hailiwe. Unataka niiweke wapi, mu kinywa yako?" Nilimupiga kidogo. Ni mubishi, njo nilichoona.

Na kitu moja tena, Tata. Marehemu Mama, unamujua. Miaka na miaka alikuwa anasema alisimama ku dirisha la ile shule, na akaona kwa macho yake mi namaliza wa kwanza. Kila ndoa, kila kilio, lazima aseme. Watu banacheka. Siku moja mbele ya bakwe zangu nilimuambia, "Mama, nyamaza, unanipatisha haya." Alinyamaza. Miaka mbili hakusema tena ile habari, kisha akafa.

Kama ile jambo yako ni ya ubao, acha tu. Imeisha.

Mwipwa wako,
Mado


Kolwezi, tarehe 2 Mei 1988

Mado mama,

Barua yako ilinikuta sakafuni. Simaanishi kwa mfano: nilikuwa nimeanguka nikijaribu kufunga kifungo cha shati nikiwa nimesimama, jambo ambalo kijitabu changu kinasema mtoto afanye akiwa ameketi. Mwandishi hasomi kazi zake. Ndiyo sababu ya kuchelewa kujibu. Hiyo ni sababu moja.

Sababu ya pili ni yale uliyoandika juu ya mama yako na dirisha. Niliyasoma mara moja. Sikuweza mara ya pili.

Msalimie Alfani. Polycarpe ameandika kutoka Kinshasa. Yaani karani wake ameandika, yeye ameweka sahihi. Ni mhandisi mkubwa sasa, ana watu wawili wa kumfungulia mlango, na ni vizuri, maana milango haijawahi kumsikia.

Nimejipa ahadi kwamba leo nitakuambia jambo. Haya. Kile kijitabu si changu. Nikiwa moniteur hapa, yaani mwalimu wa watoto wadogo, kila mtu alinisifu: Stanislas anajua watoto! Nilipewa nishani, nikapigwa picha. Sikujua kitu. Nilichofanya ni kukaa kwenye uwanja wa mama yako na daftari.

Unaukumbuka uwanja ule? Mama yako aliuza mawese katika kila chupa aliyookota mjini: chupa za bia, za dawa, za divai ya mapadri, za manukato ya Mamadamu wa Kizungu. Hakuna mbili zilizofanana, na kila moja ilikuwa na kizibo chake. Jioni alivitupa vizibo vyote kwenye beseni, akakuita. Ulikuwa na miaka mitatu. Ulichukua kizibo, hukukitazama, ulikizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha ulikwenda moja kwa moja kwenye chupa yake. Ukikosea, mafuta yalimwagika na ulichapwa, basi hukukosea. Nikaandika: "Zoezi la tano. Kulinganisha maumbo kwa kugusa." Mama yako akaniuliza unaandika nini. Nikamwambia, mambo ya shule, hutaelewa.

Nyumbani kwangu hali ilikuwa nyingine. Sisi tulikuwa watu walioendelea. Zamani, wakati wa Wabelgiji, tume ilikuwa inakuja kuhesabu uma na kuchungulia choo, ili watupe kadi ya ustaarabu. Tume iliacha kuja, lakini marehemu mke wangu aliendelea kuingoja. Polycarpe alikaa kwenye kiti na soksi nyeupe. Udongo, hapana. Jikoni, hapana, yeye ni mwanamume. Alikuwa na gari zuri la bati kutoka Ulaya, ndani ya kabati la kioo, limefungwa kwa ufunguo ili lisiharibike. Alilitazama miaka minne. Hiyo ndiyo elimu niliyompa mwanangu, mimi mtaalamu wa mikono midogo.

Haya, nimesema. Sasa mpe Shida maji: makopo mawili ya sadini na kikombe, amimine kutoka hiki kwenda kile mpaka achoke. Na udongo wa mtoni afinyange apendacho. Uniandikie.

Mjomba wako


Lubudi, 12 mwezi wa sita 1988

Tata Mjomba,

Jambo yako na kuanguka kwako. Tafuta shati isiyo na vifungo.

Njo hiyo? Miaka ishirini na ine unaficha HIYO? Tata, tulijua wote! Mwaka ulitoa kitabu, katekista alimusomea Mama kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Kaka yangu ameandika uwanja wangu wote, amesahau kuku tu." Hakukasirika. Alisema wewe uko na mwandiko muzuri, na yeye hana, basi mumegawana.

Kwa hiyo kama njo ile ilikuwa inakuzuia kufa, kufa sasa kwa amani. Ninacheka, Tata. Usikufe.

Sisi tuko. Alfani alienda Fungurume na lori, akarudi na kamba. Alivutwa.

Maji nilimupatia. Alimwaga ndani ya nyumba yangu. Kisha akaweka alama ya kaa ku kikombe, njo ajue makopo mbili ya sadini yanafika wapi. Akaniambia, "Mama, hata uniletee kikombe nyingine sasa najua." Najua nini, sikuuliza. Nilikuwa na watu wa treni.

Udongo alifanya lori ya baba yake. Iko na magurudumu, iko na kofia ya injini wazi, na chini yake iko na miguu mbili imetokea. Nilimuuliza miguu ni ya nani. "Ya tata. Anatengeneza." Alfani hakufurahi. Kasimu alicheka mpaka akatoka inje.

Lakini usinidanganye na hii michezo, Tata. Mikono haina neno. Mi pia niko na mikono, ninageuza masufuria kumi na ine na sijachanganya mufuniko hata siku moja. Mikono ni ya jikoni. Kichwa njo kitu ingine, na karatasi ilisema kichwa. Nilishamushonea robe ya safari. Hawa ametuma habari: Kasimu amulete tarehe 28 mwezi wa nane.

Na usiniandikie tena nusu nusu. Kama iko na kingine, sema. Kama hapana, tuandikiane salamu kama watu.

Mado


Kolwezi, tarehe 3 Julai 1988

Mado,

Salamu zote, kwa wote, kwa jumla. Mkono umechoka.

Unasema mama yako hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Ninakuletea kwa Kasimu mzigo uliofungwa kwa blanketi. Ni ubao wenyewe, na vipande vyake kumi: duara, mraba, msalaba, na vingine, na nyota. Umekaa chini ya kitanda changu miaka ishirini na minne. Niliporudi baada ya vita vya mwaka 1978 nilikuta nyumba imebebwa, redio hakuna, viti hakuna, mlango hakuna. Ubao ulikuwepo. Wezi wana akili, walijua una laana.

Nimeujaribu wiki iliyopita mbele ya Mama Ntumba. Dakika kumi na moja. Vipande tisa. Nyota haikuingia, na haingii kwa urahisi, kwa sababu imechongwa vibaya. Ncha zake tano hazilingani, na ukiiangalia kwa macho hutambui. Mama Ntumba akasema, "Tata, hii ni ya batoto." Nikamwambia ndiyo, na ni mtoto mmoja tu aliyewahi kuiweza.

Kasimu yuko mlangoni ananung'unika. "Muzee, andika upesi, hii si kitabu." Namwambia nina mkono mmoja. Anasema, "Na mdomo mbili."

Mwekee Shida ubao. Usimwambie ni nini, usimwambie habari ya mtihani wowote. Vipande vyote mezani, basi. Kisha, akishatoka kwenda kucheza, uweke mbele yako wewe.

Jambo jingine. Ile karatasi iliyo kwenye kisanduku chako, ya mikono mizito na akili inayochelewa, mwandiko ni wangu. Hilo unalijua, kila kitu pale kiliandikwa na mimi. Maneno nayo ni yangu. Hakuna mtu aliyeniamuru kuyaandika. Nabii unayemsifu ndiye huyu anayeshindwa na kifungo.

Bado sijamaliza. Lakini Kasimu anapiga honi.

S.K.


Lubudi, 7 mwezi wa nane 1988

Tata Mjomba,

Sina salamu. Uzima tuko nao.

Ubao ulifika. Niliweka ku meza. Shida aliangalia, akasema, "Nani amevunja hii?" Akaanza. Tisa aliweka upesi, kama mutu anapanga sahani. Nyota ilimushinda. Aligeuza, alipiga na ngumi, alikasirika, akaiacha akaenda. Baadaye akarudi, akachukua unga, akapaka ku ncha zote za nyota, akaisukuma mu tundu ili aone unga unabaki wapi. Tata, mi sijamufundisha hiyo. Hakuna mutu alimufundisha. Iliingia. Akaniangalia, akasema, "Ilikuwa inanidanganya." Miaka mitano.

Nilimuambia aende kwa jirani kucheza.

Kisha nilimwaga vipande vyote. Alfani alikuwa anakunywa chai, akasema, "Mama Shida, na wewe?" Nilimuambia, nyamaza, angalia saa. Nilianza. Sikuangalia sana. Tisa ziliingia. Halafu nilikamata nyota.

Tata, vidole vyangu viliigeuza. Kichwa yangu ilikuwa bado haijafikiri kitu. Kidole kikubwa kilipita ku ncha, moja, mbili, tatu, kikapata ile ndefu, kikaipeleka juu, kushoto kidogo. Ikaingia. Alfani akasema, "Hata dakika moja haijafika."

Ubao huu niliugusa siku moja tu mu maisha yangu. Namna gani mukono unajua kitu kama haukukifanya?

Unasema mutoto moja tu aliiweza. Nani?

Hawa anangoja tarehe 28. Robe iko tayari, mufuko uko tayari. Nimemuambia Kasimu akae kwako, ale kwako, alale kwako, asiondoke mpaka uandike, na apige honi namna anataka. Sitaki zoezi. Sitaki maharage. Sema.

Mado


Kolwezi, tarehe 16 Agosti 1988

Mado, mtoto wa dada yangu,

Kasimu amekaa siku tatu. Amekula kuku wangu wa mwisho na kumfundisha Mama Ntumba karata. Leo asubuhi ameniambia, "Muzee, ukikufa mbele ya kuandika, mi nitamuambia nini Mama Mado? Nitakuzika na kalamu." Nimeona ni hoja.

Padri alikuja jana kuniungamisha. Nilimpa dhambi ndogondogo, akaondoka ameridhika. Hii kubwa nimekuwekea wewe, kwa kuwa yeye angenisamehe upesi mno.

Shule ile ya maandalizi ilikuwa na nafasi ishirini na tano, na watoto arobaini walikuja. Mtihani aliuendesha Madamu mmoja mgeni, mwanamke mwenye haki, mkavu kama rula. Hakutaka kujua mtoto ni wa nani. Majina hayakuandikwa kwenye karatasi zake: kila mtoto alivikwa shingoni kadi yenye namba, na majina ya namba yalikuwa kwenye orodha moja. Orodha niliishika mimi. Alitaka haki isiguswe na mtu, akaiweka mikononi mwa mjomba.

Ilitakiwa niandike majina kabla ya mtihani. Niliandika thelathini na manane. Mistari miwili niliiacha wazi, namba kumi na saba na namba kumi na nane. Nilijiambia kalamu imekauka. Kwa hiyo usiseme ilikuwa hasira ya ghafla, wala shetani. Shetani hatengi mistari mapema.

Namba kumi na nane aliketi vizuri kuliko wote. Soksi nyeupe. Aliweka mikono juu ya magoti kama kwenye picha, akautazama ubao, akangoja mtu aje amfungulie kabati. Madamu alibonyeza saa yake. Dakika tano zikapita. Akachukua duara kwa vidole viwili, akalipangusa kwenye kaptula, akalirudisha mezani lisichafuke. Dakika kumi. Hakuweka hata kipande kimoja, Mado. Madamu akaandika kwa Kifaransa maneno unayoyajua: mikono mizito, akili inachelewa. Nilikuambia maneno ya karatasi yako ni yangu, na hata hapo nilisema uongo. Niliyanakili tu kwenye karatasi yako; neno la jikoni peke yake ndilo nililoongeza mwenyewe, ili lifanane na msichana.

Namba kumi na saba alikuwa na gauni lenye doa la mawese kifuani. Aliingia kabla ya yule mwingine. Hakukaa. Alisimama, akamwaga vipande vyote, na mikono ikaanza kazi huku macho yakitazama kofia ya Madamu. Nyota iliwashinda watoto kumi na sita waliotangulia. Ingewashinda na wote waliofuata. Yeye aliipapasa ncha kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta chupa ya kizibo, akaitia. Sekunde hamsini na moja. Madamu aliitikisa saa yake akidhani imeharibika. Kisha akaniambia, "Stanislas, sijaona mtoto kama huyu. Ni nani?"

Orodha ilikuwa mkononi. Nikasema, "Ngoja nitazame, Madamu." Nilingoja mpaka namba kumi na nane naye alipotoka. Kisha nikatazama, na majina mawili nikayaandika kinyume; Madamu alirudi kwao kesho yake, na waliosoma orodha hawakuwa wamemwona mtoto yeyote.

Utauliza kwa nini. Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake, mjuzi wa watoto. Mwanangu asingeweza kushindwa na duara. Kama jirani angenifanyia hivyo ningemshitaki. Lakini wewe ulikuwa mtoto wa dada yangu, na kwetu mjomba ndiye mwenye mamlaka juu ya mtoto wa dada. Nilitumia mamlaka yangu.

Jioni ile mama yako alikuja kwangu, amekimbia, kitenge kimelegea. "Kaka, nilikuwa dirishani. Mtoto amemaliza, hata sikuwahi kuhesabu vidole!" Nikamkalisha kwenye kiti cha wageni. Nikamwambia, taratibu, kwa sauti ya shule, kwamba yeye hajui mtihani ni nini. Kwamba kumaliza upesi si kufaulu. Kwamba mtu asiyesoma akitazama dirishani anaona anachotaka kuona. Nikamsomea karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, kaka. Wewe umesoma." Akaondoka. Hakubishana nami tena, alikwenda kubishana na dunia nzima, kwenye kila ndoa na kila kilio, na nyote mkamcheka. Nami nilikuwepo. Mara nyingine nilicheka wa kwanza, ili wengine wafuate.

Sikuombi msamaha. Mjomba hamwombi mtoto wa dada msamaha. Ni desturi nzuri, iliyotungwa na wajomba. Nakala ya barua hii inakwenda kwa Polycarpe, na safari hii karani wake ataisoma kabla yake, vizuri tu. Ubao baki nao. Karatasi yangu ya jikoni itoe kwenye kisanduku, umpe Shida. Anajua kutenga maharage yasiyolika. Lile gauni la safari litatosha kuvaliwa siku ya kwanza ya shule, na Hawa aambiwe atafute mtu mwingine, mwenye miaka zaidi ya mitano.

Mama Ntumba anasema nipumzike. Nimemwambia nina punje moja imebaki, niitie ndani ya chupa.

Namba kumi na saba ilikuwa wewe. Ulimaliza wa kwanza, na mama yako, pale dirishani, aliona sawasawa.

Stanislas Kisimba